Prof, Ampermetre Niliunguza Mimi

Prof Kasereka,

Mimi Katembo, mutunza labo, niko na miaka sabini na mbili, bila kuhesabu ile yenye baba alisahau. Nimeona volkano ikishuka, nikakimbia, nikarudi, nikajenga juu ya mawe yake ingali na joto. Nimeponea kiboko ya Vitshumbi yenye ilivunja pirogi ya baba yangu vipande viwili. Nimeponea kolera. Nimezika wake wawili na meno yangu yote ya juu. Nimepokea maprefe sita wa kuongoza shule hii, watano nimewasindikiza mpaka ku barrière, ku mulango mukubwa wa inje. Wanaume wa umri wangu kule Murara ninapokaa tumebaki wawili, na yule mwingine hasikii tena. Katika yote hayo sikuwaza hata siku moja kwamba nitakuzika na weye. Weye ulikuwa na hamsini na moja. Hiyo sikuiomba.

Unajua siandikaki mingi. Mapadri walinipa miaka tatu ya primere, kisha nyavu za baba zikaniita. Weye njo ulinionyesha kuandika majina ya vyombo kwenye daftari ya labo, kila chombo na mustari wake. Barua hii nimeianza tangu asubuhi, hapa hapa ku labo, kwenye meza ya mbele, ile yenye alama ya asidi. Herufi zangu zinainama kama pirogi yenye imeingia maji. Usizicheke. Ulizichekaka vya kutosha.

Ninaandika juu ya Furaha. Yule mutoto mwanamuke mwenye ulimufukuza mwaka jana juu ya ampermetre. Jumatatu liste ya finaliste, watoto wa mutihani wa mwisho, inafungwa, na jina lake haliko. Nitakuambia yote, lakini uniache nije pole pole, juu kuna fasi yenye ninaogopa kufika.

Kwanza habari za huku. Tangu tulikuweka ardhini ni miezi ine. Kaburi yako wachimbaji walivunja sururu mbili, yote mawe. Mama Masika, bibi yako wa ndoa, anasimama vizuri. Jumapili ninamupelekea samaki ya sambaza kidogo, ananiambia nikae, sikai. Bluzi yako nyeupe ya kazi ingali kwenye musumari nyuma ya mulango wa labo. Prefe alisema niiondoe. Nilimuambia aiondoe mwenyewe. Haijaondoka.

Muji ungali umefungwa na vita vile uliuacha. Ndege haishuki. Benki ziko na makufuli. Dawa yako ya sukari ilikuwa Butembo, na Butembo iko kule, sisi tuko huku. Sasa prof mupya mwenye walitupatia, na yeye iko Butembo. Anatuma mesaji: ninakuja. Juma ingine: ninakuja. Mbele yetu ziwa, nyuma yetu volkano, na barabara si yetu. Hata mimi nikisema ninakasirika, ninarudi kwetu Vitshumbi, nitapitia wapi? Ninakasirika, kisha ninakaa.

Basi prefe akaniita ku biro yake.

«Muzee Katembo,» akasema, «si weye njo unasemaka kila siku labo ni yako? Finaliste wangu hawajashika hata waya moja mwaka huu, na juri ya mutihani wa pratike haitauliza kama barabara ilifungwa. Waonyeshe vyombo. Voltmetre ni nini, ampermetre ni nini, inafungwa namna gani. Mambo ya mwanzo tu. Hesabu nitaona mimi.»

Mutu wa akili angesema hapana. Lakini Semivumbi, sentineli wetu mwenye kulinda shule, alikuwa ameegemea mulango, anatabasamu na ile meno yake yenye kuachana. Na mbele ya Semivumbi, miaka kumi na nane, mimi nimekuwa nikijisifu: «Prof iko na kartasi, mimi niko na mikono. Kartasi ikiungua, nani anabaki?» Niliisema hata mbele yako, nikikuletea chai. Na weye ulijibuka bila kuinua kichwa: «Utabaki weye, Muzee. Utabaki weye.»

Sasa nimebaki, Prof.

Somo yako ya kwanza, ile ya kila mwaka, ninaijua kama Baba Yetu. Ulikuwa unawatoa watoto wote inje. Unawapanga mustari kutoka ku bomba mpaka ku jikoni ya shule, wanapokezana bidon za maji mukono kwa mukono. Kisha unauliza: «Ampermetre ni nani?» Unamushika mutoto moja ndani ya mustari, unamuambia ahesabu kila bidon yenye inapita mikononi mwake. Huyu njo ampermetre. Anasimama ndani ya njia, maji yote inapita kwake. «Voltmetre ni nani?» Unamutoa mwingine, anasimama pembeni, kidole kimoja huku, kidole kingine kule, anaangalia tofauti tu, habebi kitu. Na ommetre? Ommetre anafanya kazi wakati mustari umelala na moto ya umeme imekatwa. Ukimuingiza wakati watu wanabeba, anakufa. Watoto walicheka, walilowa, na hawakusahau mpaka uzee.

Na mimi, Prof, wakati wa somo hiyo nilikuwa wapi? Nilikuwa ku bomba. Kila mwaka. Ninajaza bidon, maji inapiga kelele ndani ya plastiki, na weye uko kule mbele unasema. Miaka kumi na nane nilisikia nusu. Ile ingine niliijazia na macho yangu, na kwa macho yangu sijapata mushindani, lakini macho hayasikii.

Sikumuambia mutu. Niliwapanga watoto wale tisa vile ulikuwa unafanya, nikawapa bidon, nikasimama mbele na mikono nyuma kama weye. Voltmetre ilikwenda vizuri sana, nisingekuwa na haya ningesema vizuri kukushinda. Niliweka batri ya pikipiki mezani, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Niliwaambia waanze na kipimo kikubwa, kisha washuke, juu sindano ni kama mugeni, haisukumwi. Niliwaonyesha ule mustari wa kioo chini ya sindano: funga jicho moja, sogeza kichwa mpaka sindano ifunike kivuli chake ndani ya kioo, hapo njo usome. Ukiona sindano mbili, unasoma uongo. Walisoma moja moja. Nilinenepa.

Kisha Eritie, ule mwenye miwani, mutoto wa kuuliza uliza, akasema: «Muzee, na ampermetre?»

«Inapumzika,» nikasema.

«Tangu lini?»

Na Semivumbi kule ku dirisha, nyuma ya vyuma, akajibu pahali pangu: «Tangu moshi.»

Watoto hawakuelewa. Mimi nilielewa. Tangu mwaka jana ananiita Papa Moshi kila asubuhi ninapoingia. «Bonjour, Papa Moshi, ulilala?» Weye ulifikiri ni juu ya tumbaku yangu. Ulinishauri hata niache tumbaku.

Nimefika kwenye ile fasi, Prof. Ngoja nipanguse macho ya miwani.

Ilikuwa mangaribi ya Jumapili, vakansi ya Pasaka inaisha, kesho yake klase. Nilikuwa ninapangusa vumbi nyeusi kwenye vyombo. Semivumbi alisimama pale ku dirisha akasema: «Weye unapangusa tu. Prof njo anajua, weye ni kitambaa yake.» Kitambaa! Mimi mwenye nilimupiga kiboko ku pua na kasia! Nilimuambia: «Kaa hapo, utaona.»

Nilipiga lile jiwe teke. Unalijua, jiwe ya volkano yenye tunaweka chini ya mulango, tangu kitasa ya ndani ilivunjika na tetemeko. «Muzee, jiwe,» ulikuwa unasema mbele ya bonjour, juu bila jiwe mulango unajifunga na wa ndani hawezi kutoka. Mimi nililiondoa nisionekane na wapita njia. Mulango ukajifunga. Sikujali.

Nilikuwa nimekuona mara nyingi unaingiza waya za voltmetre ku priz ya umeme ya ukutani, sindano inapanda pole pole, inasimama, watoto wanasema eee. Voltmetre siku hiyo haikuwepo, ulikuwa umeiazimisha shule ya jirani. Nilichukua ampermetre. Usifikiri nilikosea sura. Vyombo vyangu ninavijua hata nikifunga macho. Nilijua ni ampermetre. Nilijiambia: huyu njo mukubwa. Kila siku moto yote inapita ndani yake. Kama voltmetre mwenye kukaa pembeni anavumilia ukuta, huyu atashindwaje?

Niliingiza waya mbili. Moja kwa moja. Peke yake, bila ampuli, bila kitu cha kubeba pamoja naye.

Prof, haikupanda. Ilipiga. Sindano iliruka mpaka ku mwisho ikajikunja kama muguu wa panzi, priz ikatoa moto ya rangi ya bluu, na moshi ukaja, ule moshi wenye harufu ya kitu chenye hakitapona. Moto ya shule yote ilikatika. Mimi nilikimbilia mulango, hauna kitasa. Nilipiga na mikono miwili. Mutu mwenye alipigana na kiboko, anapiga mulango wa mbao anaita «Semivumbi, Semivumbi wangu, fungua!» Na yeye inje anacheka mpaka funguo inamuanguka.

Alifungua. Nilimuapisha kwa mama yake. Niligeuza fizibli, ule uzi wenye kuungua moto ikizidi, nilipangusa priz, ilibaki nyeusi. Ampermetre niliirudisha ndani ya sanduku yake.

Asubuhi ilikuwa klase, na Furaha akaitwa wa kwanza mezani. Alifunga vizuri, Prof. Nilikuwa pale, nikaona: batri, ampuli, ampermetre ndani ya njia, kila kitu fasi yake. Ampuli haikuwaka. Uliinama kusoma, ukaona sindano imejikunja, ukanusa. Uso wako uligeuka. Chombo kilikuwa kimoja tu, ulikibebaka toka Butembo juu ya magoti yako mwenyewe, siku mbili njiani, hukukiweka hata chini.

Uliniuliza mimi: «Muzee, nani aliingia labo jana?»

Na ilikuwa kweli Furaha aliingia jana, saa saba, alisahau kalkulatrisi yake, nilimufungulia mwenyewe. Basi nikasema: «Furaha aliingia.»

Sikusema alifanya nini. Sikusema mimi nilifanya nini. Maneno mawili tu, na miaka yangu yote ya kusema mingi!

Alilia kidogo tu. Alisema: «Prof, mimi ninajua kuifunga, weye njo ulinifundisha.» Uliniangalia. Mimi niliangalia funguo zangu. Uliandika barua: asirudi mpaka wazazi walete ingine. Ingine ilikuwa wapi ku Goma hii? Mama yake anauza makala ya kupikia. Hakurudi.

Kisha ulinifungulia mulango mara tatu, Prof, ninahesabu. Mara ya kwanza tukikunywa chai: «Yule mutoto hakuwa mutu wa kuharibu.» Nilikujibu: «Watoto wa leo, Prof.» Mara ya pili uliniuliza kwa nini priz ni nyeusi. Nilisema ni uzee. Mara ya tatu ulikuwa tayari kitandani, miguu imevimba, sauti imebaki kama uzi. Ulisema «labo». Mama Masika alifikiri unauliza funguo. Nilikutolea funguo shingoni, nikakuonyesha. Ulizitazama, ukanitazama mimi, ukafunga macho. Asubuhi uliamkia kwingine. Tangu siku hiyo funguo hizi zinanichoma hapa kifuani na siwezi kuzivua, juu nikivua, labo itabaki na nani?

Sasa usikie mambo ya juma hii.

Prefe alisema: bila ampermetre hakuna somo, tafuta. Semivumbi akanielekeza Majengo, kuna kioski ya batri, simu na plaki za jua, wanatumia multimetre, ile chombo kimoja chenye kupima yote. Alinielekeza vizuri sana, na adabu nyingi. Ningejua.

Nilifika, nikakuta Furaha nyuma ya meza. Amekua. Multimetre inamuning'inia shingoni na kamba, kama mimi na funguo. Alikuwa anapimia mama moja batri, anamuambia: «Mama, hii imekufa, usikubali wakudanganye.» Akaniona.

«Karibu, Muzee wa labo. Umeleta simu ama umeleta maneno?»

«Nimeleta shida ya shule,» nikasema.

«Shule gani? Mimi sina.»

Alichukua batri ingine, akageuza kigurudumu cha multimetre, akatoa waya nyekundu ku tundu moja akaiingiza ku ingine, akaweka ampuli ndogo njiani. «Ona, Muzee,» akasema. «Ninaweka ampuli. Ampermetre haiingiaki peke yake. Ikiingia peke yake, moto yote inamuangukia.»

Nilikasirika. Nilimuambia vyombo hivi nilivishika mama yake hajaolewa.

«Basi mwenye kuvishika hivyo anajua nani aliunguza ile,» akasema, bila kuinua sauti. «Ile asubuhi niliona priz imekuwa nyeusi. Batri ya klase haichomaki ukuta, Muzee.»

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

«Nilisema. Nilimufuata Prof mpaka ku barrière, nikamuambia aangalie priz. Alinijibu: Muzee Katembo hawezi kunidanganya. Tuko naye miaka kumi na nane.»

Nilikaa juu ya batri ya mutu. Yule mama mwenye batri aliniuliza kama ninaumwa.

Prof, kwa nini ulisema vile? Ungesema muzee ni mulevi, muzee ni mujinga, angalia vizuri mikono ya muzee. Ungeniacha na kitu cha kukasirikia. Uliniachia hiyo.

Furaha alisema multimetre ataleta, kesho yake, saa mbili. «Lakini nitakaa mustari wa mbele,» akasema. «Na weye utasema.»

Alikuja. Ilikuwa jana. Nilivaa koti ya ndoa yangu ya pili. Nilianza na Vitshumbi. Niliwaeleza watoto ziwa, nyavu, kiboko, wakafurahi. Nilirudia voltmetre. Nilirudia kioo na sindano. Nilisema ampermetre ya shule iliungua, bahati mbaya, vyombo vinachoka kama watu. Nilikuwa ninakata kona moja, ninaingia ingine, na Furaha ananiangalia tu. Kisha alisimama, akaenda ku mulango, akalisukuma lile jiwe na muguu. Mulango ukajifunga.

«Furaha!» watoto wakasema. «Sasa tutatokaje?»

«Tutatoka Muzee akimaliza,» akasema, akarudi kukaa.

Niliangalia mulango. Niliangalia dirisha na vyuma vyake. Nyuma ya vyuma, Semivumbi na hindi la kuchoma, anatafuna, hana haraka ya dunia hii. Niliangalia bluzi yako ku musumari.

Basi niliteremsha sanduku toka etajeri ya juu. Nilikuwa nimeifunga na kitenge ya marehemu bibi yangu, fundo tatu, vidole vikagoma, Eritie akanisaidia. Nilitoa ampermetre, nikamupa wa kwanza, nikamuambia apitishe, mukono kwa mukono, vile bidon zinapitaka. Kila mutu anuse. Mwaka muzima, na harufu ingali ndani.

Nikasema: «Hii niliunguza mimi. Niliiingiza ukutani peke yake, juu ya kujisifu mbele ya sentineli. Kisha nikamuachia Furaha.»

Kisha Eritie, na miwani yake: «Muzee! Ampermetre ku priz? Moja kwa moja? Hata dada yangu wa primere anajua!» Wakacheka, wote, mpaka wengine wakapiga meza. Nikawaacha. Mimi mwenye sijachekwa na watoto ku shule hii tangu nilipoingia, nilisimama katikati ya kicheko na koti yangu ya ndoa. Furaha hakucheka. Alikuwa ameshika ampermetre, anaangalia ile sindano yenye imejikunja, anapitisha kidole juu ya kioo yake kama unapangusa uso wa mutoto.

Kisha alisimama akafundisha. Hakuomba ruhusa. Aliwaonyesha tundu za multimetre, ipi ya volti, ipi ya ampere, akawaambia hii iko na fizibli ndani, inakusamehe mara moja, ile ya Prof haikuwa na kusamehe. Walifunga batri, ampuli, chombo ndani ya njia. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa. Ampuli ikawaka mara tisa. Mimi nilikuwa nyuma, kati yao, na mara ya kwanza nilisikia somo yote, bila bomba.

Tulipopiga mulango, Semivumbi alimaliza kwanza hindi lake, kisha akafungua.

Nilikwenda mwenyewe kwa prefe. Nilimuambia arudishe jina la mutoto kwenye liste. Alifungua dosie, akatoa barua yako. «Hii ni sinyature ya Prof Kasereka,» akasema. «Yeye njo alimufukuza, yeye njo angefuta. Mimi siwezi kufuta maneno ya marehemu na hadisi ya mudomo. Andika, Muzee. Yote, kwa mukono wako, na mashahidi. Bila hiyo, Jumatatu liste inakwenda vile iko.»

Nilimuambia nitaandika, lakini si kwake. Si yeye nilimudanganya. Kwa hiyo, Prefe, weye mwenye unasoma hii juu ya bega la Prof, soma kwa adabu na ufanye kazi yako. Ukitaka kuniondoa, utaniondoa. Funguo utazitoa weye shingoni mwangu, mimi siwezi. Na ukiniondoa sijui nitakwenda wapi, njia zote unazijua. Lakini mutoto umuandike.

Prof, nilimuuliza Furaha kama amenisamehe. Alisema: «Andika kwanza.» Basi ninaandika. Mukono unaniuma mpaka ku kiwiko. Kasia haikuniumizaka hivi.

Weye sitakuuliza. Ulikuwa na siku nyingi za kuniuliza tena na uliniachia heshima yangu, na mimi nilikuachia uongo ukaondoka nao. Kama kule kuna mutu wa kukufungulia mulango toka inje, nitamuomba akuambie haya kabla sijafika, nisiyaanze tena mwanzo.

Lala salama, Prof wangu. Wasingya, asante kwa kinande chetu, kwa chai yote na kwa daftari. Ninakuahidi hivi: ampermetre yako itakaa etajeri ya mbele, sanduku wazi, bila kitenge, na kila mwaka, kabla ya bidon, watoto wataishika na wataambiwa jina la mwenye aliiunguza. Nikiwa mimi hapa, nitalisema mwenyewe. Na siku ya bidon atafutwe mwingine wa kujaza ku bomba. Mimi nitasimama ndani ya mustari.

Haya yote ni kweli. Semivumbi sentineli aliona moshi na alinifungulia. Hajui kuandika, ataweka kidole, na amesema ataniita Papa Moshi mpaka kaburini, sawa. Priz ingali ukutani, nyeusi, sijaipangusa tena. Aulizwe yeyote mwenye macho. Na Furaha anasimama hapa karibu na meza tangu nilipoanza ukurasa huu, anangoja nimalize, juu bik ya kuandikia iko moja. Atatia jina lake chini ya langu, kwa mukono wake, na itakuwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi jina lake kuandikwa kwenye kartasi ya shule hii.

Katembo, mutunza labo